Sura ya Nne: Sare ya Mtu wa Saba

Viti vilikuwa ishirini, vya plastiki, vyeupe, vya kuazima kanisani kwa mzee Pascal. Bizimana alivihesabu kwa sababu kuhesabu ni mazoea yake ya zamani. Kimoja kilikuwa na mtu. Kumi na tisa vilibaki vimepandanishwa ukutani vilevile vilivyoletwa, na hiyo ilikuwa siku ya tisa ya matanga.

"Karibu, papa Bizimana," alisema Deborah bila kuinuka. "Chagua kiti. Nafasi iko."

Bizimana alichukua kimoja, akakaa, akatoa daftari lake. Miaka kumi na minne iliyopita alikuwa mpelelezi wa polisi Bujumbura. Sasa alilinda magari nje ya kliniki moja huku Durban, na wakimbizi wenzake wakipatwa na jambo ambalo polisi wa hapa wameliandika neno moja na kulifunga, humwita yeye. Hupewa chai. Deborah hakumpa hata chai, naye Bizimana hakumlaumu.

Neno la polisi safari hii lilikuwa "ajali". Marehemu alikuwa Julienne, dada mkubwa wa Deborah, fundi cherehani kutoka Bukavu, aliyekaa peke yake katika flati hii ya ghorofa ya kumi na moja, Albert Park. Jumanne asubuhi, wiki mbili na siku mbili zilizopita, alianguka ngazini akafa palepale. Deborah alipanda basi Lusaka, alikoishi, siku tatu njiani, akafika na kufungua matanga. Maziko yalikuwa Jumamosi. Leo ilikuwa Alhamisi.

"Angalia tena hii," Deborah alisema, akampa simu yake.

Picha ilitumwa mwezi wa tano. Wanawake sita wamesimama sebuleni kwa mtu mwenye nafasi, mapazia mazito, dirisha kubwa nyuma yao. Wote sita wamevaa kitenge kimoja, kijani, chenye ndege weupe. Julienne yuko katikati, anacheka mpaka macho yamefumba. Chini ameandika: *Ndugu zangu ba huku. Mwambie mama asisumbuke tena.*

"Mama alifanya picha hii ikuwe kubwa, akaitundika kwa salon, pale wageni wanakaa," Deborah alisema. "Kila mugeni anaonyeshwa. Mutoto wangu Julienne haiko peke yake kule, angalia, wako sita. Sasa wako wapi? Papa, mutu umevaa naye sare, akufe, na usifike kwa matanga yake? Hata mumoja?"

Bizimana alilielewa swali hilo. Kwao Bujumbura ni kama kwao Bukavu: watu hawavai sare ovyo. Wanawake wakikata kitambaa kimoja wakakivaa siku moja, wamekwisha kuambiana bila maneno kwamba ukizaa nitakuja, ukifiwa nitakuja, ukifa nitakuja. Anayekiuka hilo ana sababu, na kwa kawaida sababu hiyo si nzuri.

"Juzi nilikutana na huyu," Deborah alisema, akagusa uso wa msichana wa mwisho kulia. "Kwa robot ya hapa chini, ile taa ya barabara. Nilimuita. Aliniangalia, aliangalia picha, alikimbia. Anakimbia nini? Wakamusukuma yaya, dada yangu mukubwa, papa. Miye minajua. Wanamuita Anaïs, anasuka nywele kwa saluni ya kona. Kesho saa tatu minaenda polisi kutaja jina lake."

"Una ushahidi?"

"Alikimbia."

Bizimana aliandika neno hilo, kisha akapiga mstari chini yake. Alimjua Anaïs kwa sura, Mrundi mwenzake. Karatasi yake ya ukimbizi huongezwa muda kila baada ya miezi kadhaa, na karatasi ya namna hiyo ikiguswa na kesi, hata kesi ya uongo, hairudi ilivyokuwa. Kesho saa tatu ilikuwa karibu mno.

"Nipe mpaka kesho adhuhuri," alisema.

"Saa tatu."

"Basi nionyeshe nguo zake."

Kabati lilikuwa dogo na safi. Gauni za kijani zilikuwa tano. Bizimana alizitoa moja moja, akazilaza kitandani, akazigeuza ndani nje. Marehemu mkewe alikuwa fundi; miaka ishirini ya kulala na kuamka karibu na cherehani haimwachi mtu mjinga.

"Hii ni ya dada yako," alisema juu ya ile ya kwanza. "Imeshonwa mara mbili, ina bitana, kwapani imetiwa kiraka cha nguvu. Sasa tazama hizi nne."

Deborah alitazama. Ndani ya zile nne palikuwa na mishono mirefu ya mkono, ya uzi mweupe, ile ambayo mafundi huita bandi: ya kushikiza kitambaa kabla hakijapigwa cherehani. Mgongoni zilikuwa wazi kabisa, na kwenye moja pini tatu zilikuwa zimesahaulika.

"Ukicheza ngoma na hii, inaachia kabla wimbo haujaisha," alisema Bizimana. "Ukikaa tu, inaachia. Zilikuwa za kusimama, Deborah. Za kusimama na kupigwa picha."

"Labda alikuwa hajamaliza."

"Picha ni ya mwezi wa tano. Sasa ni mwezi wa nane. Na kwenye picha wageni ni watano, hapa gauni zao ni nne. Moja haipo."

"Njo ile, iko na yule Anaïs!"

"Huenda. Daftari lake la vipimo liko wapi?"

Lilikuwa chini ya cherehani, daftari la shule lililovimba kwa kubandikwa vipande vya vitambaa. Julienne alikuwa fundi wa mpangilio. Kila mteja alikuwa na jina, simu, vipimo, tarehe ya kuchukua. Bizimana alifungua hadi alipoona kipande cha kijani chenye bawa la ndege, akasoma, akamgeuzia Deborah daftari.

"Kuna nini?"

"Soma mwenyewe."

Deborah alisoma kwa sauti. "Wa saluni. Wa duka ya simu. Jirani wa ghorofa ya tisa. Murefu wa kanisani. Wa mboga, soko ya Warwick." Aligeuza ukurasa kana kwamba majina yangekuwa upande wa pili. "Majina yao iko wapi?"

Bizimana aliweka kidole kwenye mstari wa sita, ulioandikwa chini ya mingine kwa wino tofauti. Ulikuwa na herufi moja tu, R., na vipimo vilirudiwa mara tatu. Mwezi wa tatu, kiuno sentimita themanini na nne. Mwezi wa tano, tisini na tano. Mwezi wa saba, mia na nane. Pembeni, neno "bado", limezungushiwa duara.

"Mabega hayakubadilika hata kidogo," alisema. "Mikono vilevile. Huyu hakunenepa. Alikuwa na mimba, na dada yako alikuwa akimpima kila inapokua. Hawa watano alipima mara moja. Huyu alimpima kama mama anavyompima mtoto mlangoni kuona amekua kiasi gani."

Kwenye droo ya cherehani walikuta kitambaa chenyewe, yadi tatu za kijani, hazijakatwa, zimekunjwa vizuri na kufungwa utepe. Kikaratasi kilichopachikwa kilikuwa na herufi ileile.

"Lete ule mfuko waliokurudishia polisi."

Mfuko ulikuwa na thermos iliyobonyea, simu iliyovunjika isiyowaka tena, na kitambaa kipana cha kijani.

"Ile ni kilemba," Deborah alisema.

"Kilemba hakina kamba nne pembeni." Bizimana alikikunjua juu ya magoti yake, akakivuta kwa nguvu zote. Hakikulegea. "Hii ni mbeleko."

"Yaya hakuwa na mutoto, papa. Alitafuta miaka tisa, bwana akamuacha kwa ajili ya ile."

"Najua. Na thermos ilikuwa na nini?"

Deborah alifungua, akanusa, akafunga haraka. "Uji. Umeoza."

Mbeleko mpya na uji wa moto, Jumanne asubuhi. Bizimana alirudisha kila kitu mfukoni taratibu. Kisha akaomba tena simu, akaitazama picha ile si kwa nyuso bali kwa dari. Dari ilionekana sehemu kubwa. Wanawake sita walitazamwa kutoka chini, magoti yakiwa makubwa kuliko vichwa. Aliyepiga picha hakuwa amesimama.

"Siku zote tumewatafuta waliomo pichani," alisema. "Kuna mtu wa saba."

*

Anaïs alikuwa na kichwa cha mteja mikononi na nywele za bandia mdomoni. Alipomwona Bizimana mlangoni alizitema.

"Mzee, mimi simjui huyo mama."

"Sijakuuliza."

"Lakini umekuja kuuliza."

"Nimekuja kuulizia gauni," alisema Bizimana. "Zilikuwa tano. Nne zimerudi."

Mikono ya msichana ilisimama. Alimwomba mteja radhi, akamtoa Bizimana nje, kwenye kijia kati ya saluni na duka la simu. Alikuwa na miaka ishirini na mbili labda, na aliogopa waziwazi, kama watu wanavyoogopa wakiwa hawajazoea kuiba.

"Nilibaki nayo," alisema. "Alisema tuzirudishe, mimi nikapita na mfuko wangu. Nikaishona vizuri mwenyewe kwa mkono. Naivaa kanisani. Sasa yule dada akanionyesha picha pale kwa robot, nikajua wamekuja kudai. Eish, mzee, kwa gauni moja wataniita polisi?"

"Ulijua kwamba amekufa?"

Anaïs alifungua mdomo. Ilionekana wazi kwamba hakujua. "Mama fundi? Amekufa lini?"

"Hukujua jina lake?"

"Mama fundi wa kumi na moja. Kila mtu anamwita hivyo."

"Nieleze siku ya picha."

Alieleza huku akifuta macho kwa mkono wenye mafuta ya nywele. Julienne aliwafuata mmoja mmoja, akasema anataka tangazo, picha ya kuonyesha wateja kazi yake. Wasimame kidogo tu. Akawapandisha taxi Jumapili mchana mpaka Morningside, kwa sababu alitaka nyumba yenye mwanga.

"Mlikuwa mkijuana, ninyi watano?"

"Hata kidogo. Ndani ya taxi kila mtu alitazama dirisha lake." Alifuta vidole kwenye sketi yake. "Lakini alikuwa amepika, mzee. Hiyo ndiyo inaniuma sasa. Sombe ya majani ya muhogo, samaki, wali. Ametandika meza na sahani saba. Baada ya picha akasema karibuni mezani, tuongee, tujuane. Na sisi tulikuwa na haraka. Mimi nilikuwa na mteja. Yule mrefu alikuwa na kwaya. Tulikula tumesimama, vijiko viwili vitatu, tukaondoka. Alitufungashia kwenye mifuko mpaka mlangoni, anasema siku nyingine, siku nyingine mtakaa."

"Sahani saba. Nyie mlikuwa sita."

"Na yule mama wa Kihindi."

"Mama gani?"

"Mwenye nyumba. Ndiye alipiga picha, amekaa kwenye kochi, tumbo hili hapa." Alionyesha kwa mikono. "Tulimwambia aingie naye. Akakataa, eti kwao mwenye mimba hapigwi picha, macho ya watu si mazuri. Sisi tulidhani ni bosi wake. Si unajua Durban. Mwenye nyumba Mhindi, fundi Mkongomani, unadhani nini?"

"Alikuwa bosi wake?"

Anaïs alifikiri, na alipojibu sauti ilishuka. "Yeye peke yake ndiye alikaa mezani. Tulipotoka waliachwa wawili, na sahani zote zile."

Alimwelekeza nyumba: jengo la ghorofa mbili, mlango wa bluu, mlima unapoanza, mahali nyani wadogo wanakaa juu ya ukuta. Bizimana aliandika. Alipofunga daftari msichana alimshika mkono wa shati.

"Gauni nitarudisha leo, mzee. Niliifua."

"Kaa nayo kwanza," alisema Bizimana.

*

Kwa Dulla hakukaa sana. Dulla alikuwa Mtanzania, mtu wa Tanga, mlinzi na msafishaji wa jengo la Julienne, mwenye maneno mengi ambayo polisi hawakumwomba hata moja.

"Shikamoo mzee. Lifti? Lifti hii toka Pasaka haijatikisika. Siku ile niko ghorofa ya tano nabadili taa. Mama fundi kanipita anashuka mbio, mfuko begani, kama mtu basi linamwacha. Nikamwambia taratibu mama, sakafu ina maji. Akacheka. Akasema, 'Dulla, leo mtu wangu anazaa!'"

"Nyuma yake alikuwepo nani?"

"Hayupo mtu, mzee. Nilikuwa juu ya ngazi yangu, naona juu na chini. Peke yake. Kafika ghorofa ya tatu ndiyo nikasikia." Alikunja uso. "Kwanza nilisikia chupa ya chai inabingirika. Ilibingirika mpaka chini kabisa."

"Saa ngapi?"

"Redioni taarifa fupi ya saa mbili na nusu ndiyo imeisha. Dakika tano baadaye, kumi haifiki."

"Haya uliwaambia polisi?"

"Waliniuliza kitu kimoja, mzee. Karatasi zangu."

*

Ijumaa, saa mbili na nusu asubuhi, Bizimana alimkuta Deborah amevaa kwenda kituoni. Alimweleza yote njiani, ndani ya taxi ya kwenda Morningside, bila kupunguza. Deborah alisikiliza huku mfuko uko mapajani. Bizimana alipofika kwenye sahani saba, Deborah aligeuka kutazama nje, na hakugeuka tena mpaka waliposhuka.

"Donc, basi alitudanganya," alisema wakipanda mlima. "Miaka mitatu. Ndugu zangu, ndugu zangu. Mama anaomba kila asubuhi kwa ajili ya bale banawake, kwa majina aliyowatungia. Na hapakuwa na mutu."

"Alikuwepo mmoja."

"Mumoja ambaye pia hakufika."

Mlango wa bluu ulifunguliwa na mwanamke mzee wa Kihindi, mwenye nywele nyeupe na mikono yenye manjano. Alipoona nguo nyeusi za Deborah aliinua viganja vyote viwili.

"Hapana. Hapana. Mtoto," alisema kwa Kiingereza kifupi, akaanza kufunga.

Bizimana alielewa. Nyumba yenye kichanga haiingizwi habari za msiba. Hata kwao kuna wazee wanaosema hivyo. Alirudi hatua moja, akavua kofia. Lakini Deborah aliweka mkono kwenye mlango.

"Mama, tafazali," alisema kwa Kiswahili, kwa kuwa hakuna lugha nyingine iliyokuja. "Minaomba tu kuuliza kitu kimoja."

Kutoka ndani sauti iliita, ya mtu anayetoka kitini haraka kuliko anavyoweza.

"Julienne? Julienne, umekuja?"

Deborah aliondoa mkono mlangoni kana kwamba umeungua. Watu walikuwa wamewaambia yeye na dada yake tangu utoto kwamba sauti zao ni moja.

Mwanamke aliyetokea alikuwa kijana, mwembamba wa uso, amefunga tumbo kwa kitambaa cha pamba. Alimtazama Deborah, akatazama nyuma yake ngazini, akamtazama tena Deborah. Tabasamu lake lilikufa polepole. "Wewe ni mdogo wake," alisema, sasa kwa Kiingereza. "Nimekuona kwenye simu. Yeye yuko wapi?"

Bizimana alikuwa amewapa watu habari hiyo mara nyingi maishani, na alijua kwamba hakuna namna nzuri. Aliisema kwa maneno manne.

Jina lake lilikuwa Revathi. Walimkalisha. Ilikuwa sebule ile ya kwenye picha, dirisha lile, mapazia yale. Alilia bila sauti, kitambaa kikiwa mdomoni, ili asimwamshe mtoto chumba cha pili, na mama yake alisimama katikati ya mlango akitazama nguo nyeusi ya Deborah kama mtu anayetazama moto. Bizimana alisubiri. Kisha aliuliza maswali yake kwa upole, na Revathi akayajibu moja moja.

Alitoka Coimbatore, India, mwaka mmoja na nusu uliopita, kwa kazi ya mumewe bandarini. Walimwambia Durban imejaa Wahindi, hutajisikia mgeni. "Lakini wao ni watu wa hapa," alisema. "Babu za babu zao ndio walikuja. Wana shule zao, utani wao, jina la kila mtaa. Walinikaribisha vizuri, wakaniuliza narudi lini. Nilikuwa naonekana kama wao, kwa hiyo hakuna aliyejua kwamba sina mtu."

"Na Julienne?"

"Alikuja kupima mapazia. Dirisha moja. Alilipima kwa saa tatu nzima." Karibu acheke. "Alhamisi iliyofuata akarudi, hana sababu yoyote, ana maandazi. Kila Alhamisi, mpaka mwisho. Mwanzoni hakuna kati yetu aliyejua Kiingereza cha kutosha kusengenya watu, tukawasengenya hivyohivyo. Alinifundisha 'umekuja', 'kaa', 'kula'. Mimi nilimfundisha kupika sambar, mchuzi wa dengu wa kwetu, akaiharibu kwa mafuta ya mawese."

"Ile picha?"

"Ya mama yake. Nilimwambia, tupige sisi wawili, mtumie. Akasema mama hatalala kwa mmoja. Mmoja anaweza kuhama, anaweza kugombana nawe. Mama anataka kuona wengi. Halafu akasema labda wakishavaa nguo moja na kula pamoja, watakuwa kweli. Alipika tangu alfajiri." Alifuta uso. "Yangu alisema ataikata nikishazaa, kiuno kikirudi. Tungepiga yetu ya wawili."

Deborah, aliyeelewa Kiingereza vizuri, alisogea mbele kitini na kuuliza kwa lugha hiyohiyo. "Siku kumi na saba. Hukumutafuta?"

"Nilimpigia kila siku. Imezimwa. Nilimtuma mume wangu Albert Park, akaulizia Julienne, wakamwambia hawamjui. Nilidhani..." Alisita, na aliposema ilimuumiza. "Nilidhani nimepata mtoto na yeye hakupata, na hawezi kunitazama. Nilidhani amenichoka. Nilimkasirikia."

Kisha aliuliza swali ambalo Bizimana alikuwa amelisubiri tangu mlangoni, akiomba lisiulizwe.

"Alianguka saa ngapi?"

Angeweza kudanganya. Alikuwa na sauti ya kudanganyia, na miaka ya kazi. Lakini Deborah alikuwa anamtazama, na alikuwa amedanganywa vya kutosha kwa upendo.

"Baada ya saa mbili na nusu asubuhi," alisema. "Haikufika saa mbili na dakika arobaini."

Revathi alichukua simu yake mezani. Alitafuta kwenye orodha ya simu alizopiga, akaiweka mbele yao. Jumanne ile. Saa mbili na dakika thelathini na moja. Maongezi ya dakika moja.

"Chupa ya uzazi ilikuwa imepasuka," alisema. "Wiki mbili kabla ya siku. Mama alikuwa bado hajafika, mume wangu yuko Richards Bay. Nilimpigia yeye. Nilimwambia njoo haraka." Alitazama sakafu. "Nilisema haraka mara mbili."

Deborah aliinuka akaenda dirishani. Nje, nyani wadogo wawili walikuwa wanagombania ganda la chungwa juu ya ukuta, na aliwatazama mpaka walipolimaliza. Saa ya ukutani ilikuwa imeshapita saa tatu. Bizimana aliona mabega yake na hakujua yatakuja na nini. Sasa Deborah alikuwa na mtu wa kulaumu, na jina, na dakika.

"Yeye alikujibu nini?" Deborah aliuliza bila kugeuka.

"Alicheka. Alisema, 'Nakuja.'"

Deborah aligeuka. Uso ulikuwa umelowa wote. "Leo minakuchukia," alisema. "Sitakudanganya. Kesho labda itapungua."

Revathi aliitikia kwa kichwa, kama mtu aliyepewa chini ya alichostahili.

"Lakini yaya hakukimbilia mutu hata siku moja," Deborah aliendelea. "Wakati ya mvua, wakati ya vita, alitembea. Alisema kukimbia ni kwa watu wenye kuwa na kitu mbele. Miaka mitatu huku hakuwa na kitu mbele. Halafu akakimbia." Sauti ilikatika. Alifungua mfuko, akaweka mezani zile yadi tatu na utepe wake, kisha akatoa mbeleko. "Hii alikuletea. Alikuwa akuonyeshe kuifunga?"

"Ndiyo. Aliahidi."

"Mutoto bado mudogo kwa mugongo. Angalia tu."

Alichukua mto wa kochi, akainama, akauweka mgongoni, akatupia mbeleko juu yake. Kamba za juu alizipitisha mabegani, akazivuka kifuani, taratibu ili Revathi aone. Za chini alizivuta kiunoni, akafunga fundo la kwanza. Kwenye la pili mikono ilisimama. Alibaki ameinama hivyo, mto mgongoni, amezishika kamba. Kisha akavua viatu akaketi chini sakafuni, palepale ambapo kwenye picha dada yake anacheka.

Revathi alishuka kutoka kwenye kochi, kwa shida, mkono tumboni, akaketi kando yake. Mama yake alisema kitu kwa lugha yao, kikali. Hakujibiwa. Alisimama pale kidogo zaidi, kisha akavuka sebule na kuyavuta mapazia ya Julienne, moja baada ya jingine, mpaka yakakutana, akaenda chumba cha pili kumshika mjukuu.

Ndipo Deborah alipotoa sauti. Hakuwa ameitoa siku zote za matanga. Mtu halii hivyo mbele ya viti vitupu.

Bizimana alitoka akaurudisha mlango. Kwenye daftari alilikata jina la Anaïs kwa mstari mmoja. Kisha alimpigia simu mzee Pascal wa kanisani.

"Vile viti vya Albert Park," alisema, "unaweza kuja kuvichukua."

"Matanga yameisha? Watu hawakuja kabisa?"

"Hawakuja, mzee. Yamehamia Morningside, kwa mtu wake. Huku wanakaa chini."